Matiko ya Chuma na Matiko ya Mtu

Katika mazungumzo yetu ya kila siku tuna mazoea ya kumsifu mtu kwa kumfananisha na chuma. Husema, "Fulani ni chuma," na kwa maneno hayo tukataka kueleza kwamba mtu huyo hapindiki, hatishiki, halii wala haombi. Mzazi humtaka mwanawe awe chuma, mwalimu humtaka mwanafunzi wake awe chuma, na mkuu wa ofisi humtazama karani mpya akasema moyoni, "Huyu bado ni udongo, lakini mimi nitamfanya chuma." Sifa hii ni ya zamani, na si mbaya. Lakini tunapoitumia, aghalabu hatujiulizi maswali mawili yaliyo lazima: ni chuma gani, na kimetengenezwa vipi? Kwa maana wale wanaokijua chuma kwa mikono yao, yaani wahunzi, hawasemi kamwe kwamba chuma bora ni kile kilicho kigumu kuliko vyote. Wao husema jambo jingine, na jambo hilo ndilo tunalokusudia kulieleza hapa.

Swali letu basi ni hili: Je, ukali na taabu humfanya mtu awe imara? Na kama ndivyo, ni kwa kiasi gani na kwa masharti gani? Hili si swali la wanafalsafa peke yao. Hukatwa shauri kila siku asubuhi katika madarasa yetu, katika nyumba zetu na katika ofisi za umma, na mara nyingi hukatwa na watu ambao hawana habari kwamba wamelikata.

Tumechagua kulijadili swali hili kwa kuanzia Tunduma, mji ulio mpakani mwa nchi yetu na Zambia, katika Mkoa wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya. Msomaji aliyefika Tunduma anaujua mlolongo wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Anaijua pia reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Palipo na malori pana springi zilizokatika, na palipo na springi zilizokatika pana wahunzi. Kipande cha chuma ambacho dereva amekitupa kama taka, mhunzi hukiokota kama mkulima aokotavyo mbegu. Kutokana na kipande hicho hutoka panga, shoka, tezo ya seremala, kisu cha mchinjaji, na tindo ya kukatia mawe na vyuma.

Kazi hii haikuletwa na malori. Wanyiha wa Mbozi na Wafipa, jirani zao wa magharibi, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe muda mrefu kabla ya barabara ya lami. Huko Ufipa matanuri ya udongo yalipanda juu kuliko kimo cha mtu, yakavuta hewa yenyewe kupitia matundu yaliyoachwa chini, bila ya mtu kuvukuta. Donge lililopatikana humo lilitiwa tena katika tanuri dogo la mivukuto ili lisafishwe, ndipo likafika kwa mhunzi. Jembe halikuwa chombo cha shamba tu; lilitolewa mahari, likaunganisha ukoo na ukoo. Mbali zaidi, upande wa Ziwa Viktoria, wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978 matokeo ya utafiti wao wa Buhaya, wakaeleza kwamba wahunzi wa huko walijua kutoa chuma chenye kaboni tangu miaka ipatayo 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Katika kipindi cha ukoloni majembe ya viwandani yaliingia kwa wingi na kwa bei nafuu, matanuri yakazimika moja baada ya jingine. Kuyeyusha kukafa, lakini kufua hakukufa.

Tena, katika mkoa huu huu, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi wilayani Mbozi, kimelala kimondo ambacho wenyeji walikijua tangu zamani na ambacho kiliingia katika vitabu vya wanasayansi mwaka 1930. Urefu wake ni kama mita tatu, na uzito wake unapita tani kumi. Sehemu kubwa mno ya mwili wake ni chuma, pamoja na nikeli kidogo. Hapa pana la kuzingatia. Chuma chote kile kilichoanguka kutoka mbinguni hakina kaboni ya kutosha kuweza kutiwa makali kwa moto na maji, na hakikupitia mkono wa mhunzi. Kinastaajabiwa, kinapigwa picha, lakini hakilimi wala hakikati. Mtu anaweza kuzaliwa na kipaji kikubwa kama kimondo kile, na bado asiwe na manufaa kwa jirani yake. Chombo hakianguki kutoka mbinguni, chombo hutengenezwa.

Sasa na tuingie katika kibanda cha mhunzi. Tulipokuwa Tunduma kwa shughuli za kazi, tulikuwa tukipita jioni kwa mzee mmoja aliyekuwa na kibanda chake kando ya mahali malori yanapotengenezwa. Alikuwa na fuawe iliyotokana na kipande cha mhimili wa gari, mivukuto miwili, koleo, nyundo na debe la oili chafu. Alikuwa pia na mwanafunzi, kijana wa miaka kama kumi na minane, mwenye bidii na mwenye haraka.

Siku moja tulimkuta kijana huyo akiwa na furaha kubwa. Alikuwa amefua tindo peke yake kutokana na springi ya lori, akaipasha moto mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza katika ndoo ya maji baridi. Alichukua tupa akaipitisha juu ya makali yake. Tupa ikateleza kama inayopita juu ya kioo. "Mzee," alimwambia mwalimu wake, "tazama, hata tupa haiing'ati." Mzee hakujibu neno. Aliiweka tindo juu ya boliti kuukuu, akaipiga nyundo moja. Ncha ikaruka kama kigae na kugonga bati la ukuta. Kijana alibaki ameshika mpini usio na kazi.

Mzee akaokota kile kipande, akamwonyesha mahali kilipokatikia. "Mwanangu," alisema, "hii imeyajua maji, haijaujua moto wa pili."

Kisha akafua nyingine mbele yetu. Aliipasha moto sehemu ya ncha tu, akifanya kazi hiyo kivulini ili jua lisimdanganye macho. Hakungoja iwe ya manjano, kwa sababu chuma kilichopashwa moto kupita kiasi chembe zake za ndani huwa kubwa na chapwa, na uharibifu huo hauonekani kwa nje. Wala hakuitoa ingali na rangi ya damu ya mzee. Aliisogeza kwenye kipande cha sumaku. Ilipokuwa sumaku haiivuti tena, alijua kwamba imekaribia. Aliichovya katika oili, si yote, bali ncha yake kwa upana wa vidole viwili. Springi za magari, alieleza, ni chuma ambacho maji hukishtua mno na kukipasua. Oili hukipoza upesi lakini kwa adabu. Alipoitoa, ncha ilikuwa nyeusi na baridi, ila mwili wa juu ulikuwa bado una moto. Upesi akaisugua ncha kwa kipande cha jiwe mpaka iking'aa, akatuita tutazame.

Ndipo tukaona jambo ambalo hatujalisahau. Joto lililosalia mwilini mwa tindo lilianza kushuka polepole kuelekea nchani, na mbele yake zikatembea rangi: kwanza rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na nyuma yake buluu. Mzee alikuwa akisubiri, koleo mkononi, pasipo kupepesa. Rangi ya zambarau ilipogusa makali, aliitumbukiza tindo yote katika oili. Siku iliyofuata tindo ile ilikata boliti tatu, na makali yake yalikuwa mazima.

Kiswahili kina neno zuri kwa kazi hii: kutia chuma matiko. Wengi wetu hudhani kwamba matiko ni kule kuzima tu, ule mlio wa chuma chekundu kinapokutana na maji. Mzee yule alitufundisha kwamba kuzima ni nusu ya matiko. Nusu ya pili ni kukirudishia chuma joto kidogo, ili kipoteze sehemu ya ugumu wake na kupata kitu kilicho bora kuliko ugumu.

Tueleze kwa ufupi kwa nini mambo yako hivyo, kwani mwanafunzi wa sekondari anayesoma kemia atapenda kujua. Chuma cha pua ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, kwa kawaida chini ya sehemu mbili katika mia. Kikipashwa moto kupita nyuzi 727 za Selsiasi, chembe zake hujipanga upya, na katika mpango huo mpya kaboni hupata nafasi ya kutawanyika ndani. Kikiachwa kipoe polepole, kaboni hutoka mahali pake taratibu, na chuma hurudi kuwa laini. Lakini kikipozwa kwa ghafla, kaboni hunaswa ndani kabla haijapata njia ya kutoka. Chembe za chuma hutaka kurudi katika mpango wao wa awali, na kaboni iliyonaswa huzizuia. Mkazo huo ndio ugumu. Kwa hiyo chuma kilichozimwa tu ni chuma chenye ugomvi ndani yake. Kigumu mno kwa sababu kimebanwa mno. Kinaweza kukwaruza kioo, lakini pigo moja la ghafla hukivunja, na pengine hupasuka chenyewe usiku juu ya rafu bila ya kuguswa na mtu.

Moto wa pili huipa kaboni nafasi ya kutoka kidogo, na ugomvi ukapungua. Kiasi cha joto hutegemea kazi ya chombo. Kisu cha kunyolea hurudishiwa joto dogo, nyuzi kama 220, kwa rangi ya majani makavu, kwa sababu kazi yake ni kukata kitu laini bila ya kupigwa. Tindo hufikishwa kwenye zambarau, nyuzi kama 280, kwa kuwa yenyewe huishi kwa kupigwa. Springi hupitishwa hata buluu, karibu nyuzi 300 na zaidi, kwa sababu kazi yake ni kupinda na kurudi. Hakuna rangi iliyo bora kwa vyombo vyote. Tena nondo ya kujengea, ambayo ina kaboni kidogo mno, hata ukiizima mara mia haitashika makali. Na mhunzi anayeipiga na kuilaumu nondo kwa uvivu hujilaumu mwenyewe asijue.

Mpaka hapa tumesema habari ya chuma. Inatupasa sasa tuseme habari ya mtu, na tutaanza na kosa letu sisi wenyewe, kwa kuwa si haki kuwahubiria wengine kwa makosa ya jirani.

Miaka mingi iliyopita tulikabidhiwa usimamizi wa ofisi ndogo ya umma. Tuliletewa karani kijana, mpole, mwenye mwandiko mzuri, tukaazimia kumkomaza. Tulimkemea mbele ya watu. Tulimrudishia daftari zima kwa kosa la mstari mmoja. Hatukumsifu hata siku moja, kwa kudhani kwamba sifa hulegeza. Baada ya mwaka mmoja alikuwa mtu mwingine: haji kazini kwa kuchelewa, hacheki, hakubali karatasi yenye upungufu wowote. Wenzetu walitupongeza, nasi tukajiona mafundi.

Wakati wa masika alikuja ofisini mama mzee, mjane, kushughulikia hati za marehemu mumewe. Karatasi yake haikuwa na muhuri wa kijiji. Kijana alimrudisha. Akaja mara ya pili, muhuri upo lakini tarehe imekosewa, akarudishwa. Mara ya tatu kulipungua jambo jingine, dogo kuliko yote, na kanuni bado ilikuwa upande wa kijana. Mama yule aliziweka karatasi zake juu ya benchi, akatoka katika mvua, na hakurudi tena. Tulipopata habari tulimwita kijana, tukamwuliza kwa nini hakumkalisha akamwandikia yeye mwenyewe, au akatuletea sisi. Alitutazama machoni akasema, "Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha." Tulituma mtu kijijini. Jibu lililorudi ni kwamba mama amesema haki yake amemwachia Mungu.

Haikupita nusu mwaka, kijana alikosea hesabu katika rejista. Halikuwa kosa la wizi; lilikuwa kosa la macho yaliyochoka, ambalo kalamu ya wino mwekundu na dakika kumi zingelimaliza. Lakini yeye alituogopa. Akalificha, na ili kulificha akaandika uongo mdogo, na uongo ule ukadai mwingine. Miezi mitatu baadaye mambo yalipofunuka, aliondoka usiku bila ya kuaga. Watu walisema, "Kumbe hakuwa imara." Sisi tulijua zaidi yao. Alikuwa mgumu kadiri tulivyomfanya. Tulimpa maji, hatukumpa moto wa pili. Alipopigwa pigo moja akaruka kama ile ncha ya tindo. Na kabla ya kuvunjika kwake, makali yake yalikuwa yamekwisha kumkata mtu asiye na hatia.

Hapana shaka msomaji atatupinga, na pingamizi lake lina uzito. Atasema: wahenga walinena kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Atasema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Atatuonyesha watu wakubwa waliotoka katika dhiki, na watoto wa raha walioharibika. Tunakubali yote hayo. Chuma ambacho hakikuingia motoni kabisa hakina makali, na insha hii haikuandikwa kutetea ulegevu. Mwanafunzi asiyepewa kazi ngumu hudhulumiwa. Karani asiyesahihishwa hudhulumiwa, na pamoja naye hudhulumiwa umma. Tunachokataa ni ile hesabu ya haraka isemayo kwamba, maadamu ukali kidogo hufaa, ukali mwingi utafaa zaidi.

Tena wahenga wenyewe hawakuishia kwenye maji. Tutazame jando na unyago kama vilivyokuwa katika jamii zetu nyingi. Kijana alitengwa, akatiwa katika taabu, akafundishwa kwa ukali mambo ya utu uzima. Lakini mwisho wake ulikuwaje? Alitolewa kwa ngoma, akaogeshwa, akapakwa mafuta, akavishwa nguo mpya, akapokewa na mama yake na wazee wake mbele ya watu wote. Yule aliyetengwa alirudishwa kwa heshima kubwa kuliko aliyokuwa nayo. Ule ndio uliokuwa moto wa pili. Ubaya wetu sisi wa siku hizi ni kwamba tumeyarithi makemeo ya jando, tukaiacha furaha ya kutoka jandoni; kisha tukasema tunafuata mila.

Tuongeze jambo jingine kuhusu nyundo, kwani walimu wengi hupenda kujilinganisha na mhunzi kwa ajili ya nyundo yake. Mhunzi hupiga chuma kingali chekundu, wakati kinapokubali, na hupiga ili kukipa umbo. Nyundo haitii matiko. Tena chuma kilichokwisha kuzimwa na kupoa hakipigwi hata kidogo, kwa sababu pigo hapo halitengenezi bali huvunja. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zilizotolewa mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, na zikataka adhabu hiyo itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini. Kikomo hicho ni kukiri kwamba kipimo ni lazima. Lakini kipimo cha kweli hakiko katika idadi. Kiko katika jicho la mwalimu anayemtazama mtoto na kutambua kama bado ana joto la kukubali, au amekwisha kuwa baridi na mkavu. Mtoto wa namna hii ya pili hahitaji pigo la tano; anahitaji mtu wa kumrudishia joto.

Hata hivyo mfano wetu una mpaka wake, na itakuwa udanganyifu tusipouonyesha. Mhunzi akitaka kujua kama amefaulu, anaweza kuchukua kipande kimoja, akakivunja kwa makusudi, akatazama chembe za ndani. Na kama zimekuwa kubwa, atajua kosa lake na kurekebisha vinavyofuata. Mwalimu hana ruhusa ya kuvunja mtoto mmoja ili ajifunze kulea wengine. Chuma kilichoharibika hurudishwa katika moto kikaanza upya. Miaka ya mtu hairudi. Tena chuma hakina ulimi, ilhali mtu anao. Mhunzi hulazimika kukisia hali ya chuma kwa rangi yake, lakini sisi tunaweza kuuliza, "Ndugu yangu, unaonaje?" Ikiwa mhunzi, anayefanya kazi na kitu kisichosema, hutazama kwa uangalifu namna ile bila ya kupepesa, sisi tunaofanya kazi na wenye ulimi tutajitetea vipi kwa kutowasikiliza? Hapo ndipo mfano unapokoma, na unapokoma unatudai zaidi, si pungufu.

Kuna funzo la mwisho katika ile tindo ya Tunduma. Mzee hakuizima yote. Ncha tu ndiyo iliyochovywa. Mwili ulibaki na joto lake, na joto lile lile la ndani ndilo lililoshuka kuja kutuliza makali. Mafundi wa panga wa Japani walifikia busara kama hiyo kwa njia nyingine: waliupaka udongo mzito mgongo wa upanga na udongo mwembamba upande wa makali, ili makali yapoe upesi na kuwa magumu, na mgongo upoe taratibu na kubaki mstahimilivu. Mafundi wa nchi mbili zilizo mbali mbali wamekubaliana kwamba chombo kigumu chote hakifai. Ugumu una mahali pake, nao ni pale panapokata.

Tuyaweke haya katika maisha yetu. Afisa wa mpakani anapaswa kuwa na makali mbele ya rushwa na magendo, na pale asipinde hata kidogo. Lakini makali yale hayana kazi mbele ya mama aliyebeba mtoto na kikapu cha mboga, asiyejua dirisha la kuuliza. Mwalimu anapaswa kuwa mkali juu ya uongo na uvivu, na mpole juu ya kutoelewa. Mwanafunzi anapaswa kuwa mgumu kwa nafsi yake anapojisomea usiku, na laini kwa mwenzake aliyeanguka mtihani. Mtu aliye makali pande zote hashikiki. Hata anayetaka kumtumia kwa jambo jema hujikata mikono.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule zetu zisitenganishe akili na mikono. Wengi waliuelewa wito ule kuwa ni wa mashamba ya shule tu. Sisi twaona kwamba una maana nyingine pia: mikono ina falsafa yake, na anayeitazama kwa heshima hupata humo elimu ya roho. Mwalimu anayefundisha katika shule iliyo karibu na kibanda cha uhunzi, iwe Tunduma, Vwawa au kwingineko, hatakosea akiwapeleka wanafunzi wake huko jioni moja. Wamwulize mhunzi kwa nini huchovya ncha tu, na kwa nini hungoja rangi. Majibu yake yatawafaa katika somo la kemia, na yatawafaa zaidi siku watakapokabidhiwa watu wa kuwaongoza.

Yule karani wetu hatujui alikofika. Tunapomkumbuka, na tunapomkumbuka yule mama katika mvua, tunajisomea beti moja tuliyoitunga baada ya kuachana na mzee wa Tunduma:

Chuma hakipati wema, kwa moto wa mara moja,
Maji yakishakizima, moto wa pili hungoja,
Mkali pasi huruma, hatimizi mtu haja,
Ukali una kipimo, na kipimo ni hekima.